Sakafu ya Pikapu Iliyoliwa na Kutu

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Magari na Karakana mbele ya mkutano wa wanachama, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Mmekwisha kusikia leo habari za bei ya korosho, za maghala na za mikopo, nazo ni habari kubwa. Sisi wa Kamati ya Magari tumeombwa kusema juu ya jambo lililo chini ya miguu ya dereva. Twashukuru kwa nafasi hii, wala hatutaitumia kujisifu. Maana wanaostahili sifa ni pikapu zenyewe, ambazo katika miaka hii kumi zimebeba magunia, mashine za kupulizia dawa, wagonjwa, majeneza na wajumbe wa mikutano. Wakati tulipozinunua zilikuwa zimekwisha kutumika na watu wengine, na sasa zimezeeka mikononi mwetu. Injini zake bado zanguruma. Sakafu zake ndizo zinazoondoka.

Barua za kuomba idhini ya matengenezo zinazotufikia siku hizi karibu zote zina sura moja. Katibu huandika ya kuwa sakafu ya gari la chama imetoboka upande wa dereva. Kwamba fundi mmoja ameahidi kuifunga kwa siku moja na kwa fedha kidogo. Kwamba fundi mwingine ataka siku sita na fedha mara nne ya zile. Na kwamba Kamati yake, kwa kuzijali fedha za wanachama, imempendelea yule wa kwanza. Hatuwalaumu. Mtunza fedha akitazama kipande cha bati chenye ukubwa wa sinia, akaambiwa kazi yake ni ya siku sita, ana haki ya kushangaa. Lakini twataka kuwaonyesha leo kwamba bati lenyewe ndilo sehemu ndogo kabisa ya kazi hiyo, na kwamba Kamati isiyojua ni nini inacholipia huishia kulipa mara mbili, na pengine hulipa kwa kitu kisichorudishwa na fedha.

Basi na tuanze na kutu yenyewe. Chuma, hewa na maji vikikutana, chuma hugeuka kuwa kutu. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikikosekana, kutu haipo. Chumvi haizai kutu peke yake, bali huharakisha kazi yake, kwa sababu huvuta unyevu na kuufanya unyevu huo kuwa mkali. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo mabati mawili yaliyounganishwa, maji yakipenya katikati yake, hutanuliwa na kutu hiyo kama mzizi wa mti unavyopasua ukuta. Rangi iliyofura kama lengelenge ukubwa wa punje ya mtama huwa imeficha chini yake shimo la kuingia kidole.

Huku kwetu pwani tunayo chumvi ya bahari hewani hata siku ya jua kali. Lakini kwa pikapu za vyama vya korosho yupo adui mwingine tunayempakia wenyewe, naye ni salfa. Mnajua jinsi unga huu unavyotumika dhidi ya ubwiri unga, na mnajua pia kwamba mfuko wa salfa hausafiri bila ya kuvuja. Mara nyingi mifuko miwili mitatu ya mwisho, iliyokosa nafasi nyuma, huwekwa mbele, miguuni pa abiria. Unga huingia chini ya mkeka wa mpira. Mvua ikinyesha, dereva huingia na viatu vilivyolowa. Salfa iliyolowa juu ya chuma hukila chuma hicho usiku na mchana, gari likiwa limelala. Mbolea za chumvichumvi hufanya vivyo hivyo. Hata gunia la samaki wakavu, ambalo dereva humbebea shemeji yake kwa hisani, lina sehemu yake katika hasara hii.

Maji nayo hayapiti mlangoni tu. Yako matundu ambayo hayaonekani. Mpira unaoshika kioo cha mbele ukikauka na kupasuka, maji huteremka kwa siri nyuma ya dashibodi na kutua katika pembe ya sakafu. Chini ya kioo hicho, kwa nje, kuna mfereji wa kuingizia hewa. Majani ya mkorosho au ya mwembe yakiuziba, maji yatatafuta njia nyingine, na njia hiyo ni miguuni pa dereva. Milango nayo ina vitundu upande wa chini vya kutolea maji, navyo hujaa tope. Tena kuna mafuta ya breki na ya klachi. Pampu ya klachi ikivuja kwa ndani, mafuta hufuata kanyagio hadi sakafuni, nayo yana tabia ya kuivua rangi kama maji ya moto yavuavyo manyoya ya kuku. Na chuma kikisha kuvuliwa rangi hakina nguo nyingine.

Kwa hiyo twasema, na hili twaomba liandikwe katika vitabu vya kila Kamati: fundi asiyeuliza maji yametoka wapi hajaanza kazi, hata kama ameshika mashine ya kuchomelea. Njia ya kujua ni rahisi. Mtu mmoja akae ndani na tochi na kipande cha chaki, mikeka yote ikiwa imetolewa. Mwingine amwage maji taratibu kwa nje, akianzia chini na kupanda juu, mlango kwanza, kioo baadaye, ili ijulikane ni mahali gani hasa panapoingiza. Nusu saa yatosha. Sakafu mpya ikiwekwa chini ya kioo kinachovuja, mwanachama amenunua kutu mpya.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Wazee wetu wanaikumbuka Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwa sababu hiyo mabati yake mengi yalifanywa kwa alumini. Watu wakaamini kwamba gari zima halishikwi na kutu. Kumbe chasisi yake ni ya chuma, na ule ukuta unaotenga injini na dereva, pamoja na mahali pa kuwekea miguu, ni wa chuma vilevile. Huko ndiko huoza. Tena alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi, huliwa yenyewe ikawa unga mweupe. Pikapu za kizazi kilichofuata, kama vile Toyota Hilux iliyoanza mwaka 1968, zina sakafu ya bati la chuma lililopigwa chapa kiwandani, lenye matuta na mifereji. Matuta hayo si pambo. Bati la sakafu lina unene wa karibu milimita 1 tu, nayo matuta ndiyo yanayolifanya lisipindike chini ya mguu wa mtu mzima.

Vyombo vya ukaguzi ni bisibisi, nyundo ndogo na macho. Ondoa viti, ondoa mkeka, na kama chini yake kuna kitambaa kizito cha kuzuia kelele, kiondoe hicho pia, kwa maana hushika maji kama sifongo. Gonga kwa nyundo polepole. Bati zima hulia. Bati bovu hujibu kwa sauti butu, kama chungu kilichopasuka. Popote penye sauti butu choma kwa ncha ya bisibisi bila ya huruma, kisha zungusha chaki mpaka ufike mahali ambapo bisibisi inakataa kabisa. Usiku weka taa chini ya gari na kutazama kutoka juu: utaona nyota.

Twasema bila ya huruma kwa sababu tumeona matokeo ya huruma. Pikapu moja ililetwa kwetu baada ya dereva wake kulalamika miezi mingi ya kuwa kila afikapo mjini kichwa chamuuma na usingizi wamshika, na baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kumshuku kwamba anakunywa. Sakafu yake ilikuwa ya kupendeza, imepakwa rangi nyeusi ing'aayo. Tulipochoma bisibisi, ilizama mpaka kwenye mpini. Fundi wa njiani alikuwa amelaza bati la kuezekea juu ya sakafu iliyooza, akaligongomea ribiti pembeni, akapaka rangi. Katikati ya bati jipya na uozo wa zamani kulikuwa na salfa na tope bichi. Chini yake, bomba la moshi lilikuwa limetoboka kwenye kiungo, na moshi ulikuwa ukipanda moja kwa moja ndani ya chumba cha dereva kwa njia ya nyufa ambazo lile bati liliziziba machoni tu.

Hapa ndipo tulipotaka kufika, Bwana Mwenyekiti. Katika moshi wa injini, hasa ya petroli, imo hewa iitwayo kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu. Humwingia mtu ikachukua katika damu yake nafasi ya hewa aliyostahili kupata; kwanza huumwa kichwa, kisha hupata kizunguzungu na kusinzia, na ikizidi hufa akiwa ameketi. Dereva yule hakuwa mlevi. Alikuwa akipewa sumu kidogo kidogo na gari la chama, na mama mmoja na mtoto wake mchanga walikuwa wamepewa nafasi ya mbele katika gari lilo hilo, kwa heshima, ili wasipigwe na vumbi la nyuma. Kwa hiyo tusiseme kwamba tundu la sakafu ni jambo la vumbi na matope peke yake.

Baada ya ukaguzi huja swali la kutengeneza au kuacha, na hili si la fundi peke yake. Ni la Kamati. Pikapu ina heri moja ambayo gari dogo la abiria halina: ina chasisi yake peke yake, na chumba cha dereva kimefungwa juu yake kwa boliti, mipira ikiwa katikati. Basi ikiwa uozo uko katikati ya sakafu, kazi ni ya bati, na gari laweza kuendelea kwa miaka mingi. Ikiwa umefika kwenye vizingiti vya milango, kwenye shina la nguzo ya bawaba, au pale zilipo zile boliti zishikazo chumba juu ya chasisi, kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu sasa sakafu imekuwa mfupa. Na ikiwa chasisi yenyewe imetoboka karibu na mahali zinaposhikiwa springi au sanduku la usukani, hatuoni sababu ya kutumia fedha za wanachama kutandika sakafu nzuri juu yake.

Baina ya hayo iko njia ya tatu inayosahauliwa. Kwa kuwa chumba hufunguliwa kwa boliti, pengine ni nafuu kununua chumba kizima cha gari la namna ile ile lililoharibika injini, kuliko kushona kiraka juu ya kiraka. Katibu na aulize bei zote mbili kabla ya kuleta barua.

Kuhusu kazi yenyewe tutasema kwa urefu kidogo, ingawa wengi wenu hamtashika vyombo kamwe, kwa kuwa asiyejua hatua za kazi hawezi kuisimamia.

Jambo la kwanza ni moto. Waya wa betri ufunguliwe. Mabomba ya mafuta na ya breki yapitayo chini ya sakafu yasogezwe au yatolewe, na nyaya za umeme vivyo hivyo. Tangi la petroli likiwa karibu liondolewe kabisa katika gari na kupelekwa mbali. Katika Land Rover za zamani zilizo fupi tangi liko chini ya kiti, yaani shibiri chache tu kutoka mahali cheche zitakapoanguka. Yupo mtu atakayesema kwamba tangi ni tupu, kwa hiyo hapana neno. Tangi tupu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa maana limejaa mvuke, na mvuke ndio ulipukao. Ndoo ya maji, magunia yaliyolowa na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine atazame upande wa chini wakati fundi akichomelea upande wa juu.

Jambo la pili ni kukata. Hapa ndipo bei mbili zinapoachana. Fundi wa siku moja hakati, hufunika. Fundi wa siku sita hukata kwa tindo au kwa msumeno wa umeme mpaka afike kwenye chuma kilicho hai, cheupe, chenye unene wake wote, hata kama tundu lililoanza na ukubwa wa sarafu limekuwa na ukubwa wa sahani. Kamati isishtuke ikiona tundu limekua. Chuma kilicholiwa nusu hakichomeleki. Moto ukikigusa huyeyuka na kutoboka mbele ya macho, na fundi hubaki akifukuza mashimo mpaka jioni. Ikiwa kizingiti cha mlango nacho kitakatwa, kwanza chumba kiegemezwe kwa jeki na ubao, na mhimili wa chuma uwekwe kukatiza mlango, sivyo chumba kitalegea katikati na milango haitafungika tena. Pengo la mlango lipimwe kabla na baada.

La tatu ni bati lenyewe. Bati la kuezekea nyumba, geji 30, lina unene wa karibu milimita 0.3. Ni zuri juu ya paa, ambako hapana mtu anayesimama. Sakafu ya gari yataka geji 20, iliyo karibu milimita 0.9, au geji 18, iliyo karibu milimita 1.2. Kadiri geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene, na wako watu waliouziwa geji 30 wakidhani wamepata iliyo imara zaidi. Tena bati la nyumba limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, baridi na kichefuchefu jioni ile. Maziwa ambayo mafundi wetu hunywa hayautoi moshi huo mapafuni. Zinki yote ya mahali pa kuungia isuguliwe kwanza, na kazi ifanyike penye upepo.

Kiolezo kikatwe katika karatasi ngumu ya boksi, kijaribiwe, kikatwe tena, na ndipo bati likatwe kwa kukifuata. Pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Matuta yarudishwe kwa kulipiga bati juu ya ubao uliochongwa mfereji au baina ya mabomba mawili. Kiraka tambarare hulia kama debe kila gari lipitapo penye kokoto, na mwishowe hupasuka kando ya maungio.

La nne ni kuunga. Mashine ya umeme ya vijiti, ambayo ndiyo iliyo katika karakana nyingi za wilayani, ni kali kwa bati jembamba. Fundi na achukue vijiti vyembamba vya milimita 2 na umeme mdogo. Mashine ya waya yenye gesi ni bora zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo ambayo karakana ya Chama Kikuu ingepaswa kununua kabla ya kununua gari jingine. Kwa mashine yoyote, asivute mstari mmoja mrefu, kwa kuwa joto litalipinda bati likawa kama ngozi iliyokauka juani. Apige doa moja huku, doa jingine upande wa pili, aache papoe, kisha arudi katikati yake, mpaka madoa yakutane. Haraka haina nafasi hapa, na ndiyo maana ya zile siku zinazowashangaza watunza fedha.

Mahali pasipo umeme ribiti zaweza kutumika katikati ya sakafu, iwapo uozo umekatwa na gundi ya kuzibia maungio imewekwa baina ya mabati mawili. Lakini ribiti hazifai hata kidogo mahali kinaposhikwa kiti au mkanda wa usalama. Siku ya ajali uzito wote wa mtu huvuta pale mara nyingi zaidi ya uzito wake wa kawaida, na mkanda uliofungwa kwenye bati jembamba huondoka pamoja na bati hilo. Mahali hapo pawekwe kipande cha chuma cha milimita 3, kipana, kilichochomelewa kwenye chuma kizima kilicho jirani. Fundi akisema si lazima, mwambieni akae yeye kwenye kiti hicho na gari lipigwe breki kali.

Kuhusu rangi hatutasema mengi. Maungio yasuguliwe, yafutwe vumbi na mafuta, yapakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu siku ile ile kabla ya umande wa usiku, kisha maungio yote yazibwe kwa gundi yake, juu na chini, na ndipo ipakwe rangi ya mwisho. Vitundu vya kutolea maji visizibwe kwa bidii ya mtu. Virudishiwe vizibo vyake vya mpira. Kupaka lami chini ya gari ni vyema kama chuma ni safi na kikavu. Lami juu ya kutu ni blanketi la kuilaza kutu hiyo isionekane. Na ile desturi ya kupulizia oili chafu chini ya gari haina wema wa kutosha: huzuia maji kwa muda, lakini huozesha mipira ya springi na ya chumba, hushika vumbi, na kinachodondoka huingia katika udongo tunaoulima.

Twapenda kuongeza neno juu ya magari yaliyotumika ambayo vyama vingine vinafikiri kuyanunua msimu ujao. Mengi hutoka Japani, na mengi ni mazuri. Lakini katika kaskazini ya nchi hiyo, kama kule kisiwani Hokkaido, theluji huanguka kwa wingi na barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Uingereza nako hufanya hivyo wakati wa baridi. Gari lililoishi huko laweza kuwa na injini safi na viti visivyo na doa, na chini yake limekwisha kuliwa. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ni jambo la kushukiwa, si la kufurahiwa. Anayetumwa kununua gari la chama na aende na bisibisi, na muuzaji akimkataza kuitumia, arudi nyumbani na fedha za wanachama.

Sasa ni mambo ya Kamati zenyewe. Tumependekeza kwa Halmashauri, nayo imekubali, kwamba malipo ya kazi ya sakafu yasitolewe kwa mkupuo mmoja. Sehemu ya kwanza italipwa baada ya gari kuvuliwa viti na mikeka, na uozo kuzungushiwa chaki mbele ya mjumbe wa Kamati. Sehemu ya pili italipwa baada ya kukata, kabla kiraka hakijawekwa, mjumbe akiwa ameona kwa macho yake chuma cheupe pande zote za tundu. Sehemu ya tatu italipwa baada ya kuchomelea, kabla ya rangi. Ya mwisho italipwa baada ya gari kumwagiwa maji na kuonekana kavu ndani. Katibu apige picha kwa simu yake katika kila hatua na kuziweka pamoja na hati za malipo. Twajua kwamba mafundi wengine hawataupenda utaratibu huu. Walio wema wameupenda, kwa kuwa umewaondolea aibu ya kushindana kwa bei na mtu anayeuza rangi.

Madereva nao wana sehemu yao, wala hatutaki waifanye bila ya kusaidiwa. Mifuko ya salfa na ya mbolea isiwekwe mbele kwa sababu yoyote. Kama nyuma pamejaa, gari limejaa. Baada ya msimu wa kupulizia, mikeka itolewe, sakafu isafishwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, na milango iachwe wazi juani kutwa nzima. Chama kimpe dereva siku hiyo, asihesabiwe kuwa amekaa bure. Na dereva akisema kichwa chamuuma ndani ya gari, lisiendeshwe tena mpaka litazamwe chini.

Ndugu Wanachama, sakafu ya pikapu ile tuliyoieleza imekatwa na kuwekwa juu ya meza nje ya ghala namba mbili, pamoja na bati la kuezekea lililokuwa limeifunika, kipande cha geji 18 na kipande cha geji 30. Bisibisi zipo. Kila Katibu na kila Mtunza Fedha aliyeleta barua ya matengenezo mwaka huu ataitiwa jina pale kabla ya chakula, aijaribu kwa mkono wake, kisha tutazipitia barua hizo moja moja pamoja naye. Pikapu yenyewe nayo ipo, imeegeshwa chini ya mwembe, na dereva wake atawaonyesha sakafu mpya.